Uzibaji wa Dharura wa Zahanati ya Kwemkindo

(Hotuba ya Mratibu Mwandamizi, mbele ya zahanati, Alhamisi saa nane mchana. Imeandikwa na Iddy Mhina, ofisa mtendaji wa kijiji, kama alivyoagizwa, bila kupunguza neno. Yaliyo kwenye mabano ni yangu.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye nimeambiwa yuko shambani anafukuza nyani. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwenyekiti, ambaye naamini yuko njiani. Waheshimiwa wajumbe wa kamati zilizokwishaundwa na zile tutakazoziunda leo kabla ya chakula. Mashehe wetu, wachungaji wetu. Wazee wa Kizigua na wazee wa Kishambaa kwa mpangilio wowote mtakaoupenda. Akina mama, vijana, wadau wa bodaboda, na wewe mzee uliyekalia kiti kilichoandaliwa kwa ajili ya mkoba wangu. Mabibi na mabwana: itifaki nimeizingatia tangu nikiwa ndani ya gari, kwa hiyo atakayeona hakutajwa ajue kwamba ametajwa.

(Makofi. Waliopiga ni watatu aliokuja nao.)

Kwa wale wachache wasionifahamu, mimi ndiye Elisha Shekighenda, Mratibu Mwandamizi wa Kitengo cha Uzibaji wa Dharura wa Majengo Yaliyopata Madhara, Kanda Ndogo ya Handeni na Korogwe, cheo ambacho tangu kibuniwe kimeshikwa na mtu mmoja tu, na ndani ya uongozi wa mtu huyo ufanisi wa kitengo umepanda kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, jambo ambalo wataalamu walisema haliwezekani kihesabu, nami nikawajibu kwamba hesabu nazo zinahitaji kujengewa uwezo. Watu wengi wanadhani kuziba jengo ni kazi ya mbao na misumari. Hapana. Kuziba jengo ni mchakato mtambuka, shirikishi, jumuishi na endelevu, wenye fremuweki yake, indiketa zake na mnyororo wake wa thamani, na msumari ndio unakuja mwisho kabisa, kama utakuja.

(Mbuzi alilia. Mratibu akasema ahsante.)

Ndugu zangu, naomba niwarejeshe kwenye tukio lenyewe. Siku ya Ijumaa, wiki tatu zimepita kasoro siku moja, saa nne asubuhi, lori lililosheheni robota za mkonge likitokea upande wa Handeni lilifeli breki kwenye mteremko ule pale, likaacha barabara, likaingia zahanati kwa mbele. Dereva alivunjika mkono. Muuguzi wenu, Sista Justa, alikuwa chumba cha nyuma akimpima mama mjamzito, na wote wawili wakatoka salama wakiwa weupe kwa vumbi. Lakini jengo, mabibi na mabwana, liliachama. Milango miwili iling'oka, madirisha manne yakavunjika, na ukuta wote wa mbele ukalala chini, hata mtu akipita barabarani anaona makopo ya dawa, anaona jokofu la chanjo, anaona hadi kitanda cha kujifungulia. Na wingu lilikuwa limetanda tangu alfajiri.

Saa nne na nusu Sista Justa akanipigia simu. Nakumbuka saa hiyo vizuri kwa sababu nilikuwa Dindira, kwenye semina ya siku nne ya kuwajengea watendaji uwezo wa kupokea simu za dharura, iliyofanyika kule milimani kwa kuwa utafiti unaonyesha kwamba baridi inasaidia kufikiri. Kwa mujibu wa ratiba, simu zilipaswa kuzimwa. Lakini mimi ni mtu wa watu. Ilipofika mapumziko ya chai nilimpigia, nikamsikiliza, nikampa maelekezo matatu: jengo lisiguswe mpaka timu ya tathmini ifike; aandike barua kupitia kijiji, kata na tarafa; na aambatishe picha nne za rangi zinazoonyesha jengo kabla halijaharibika.

(Sauti kutoka upande wa akina mama: "Kabla?" Mratibu hakusikia.)

Sista Justa, na hapa naomba nimpongeze kwa fidbaki yake ya haraka, alinieleza kwamba mvua inakaribia, kwamba chanjo na dawa zitaloa, kwamba watoto wameshaanza kuokota vidonge kwenye vifusi, na kwamba yule mjamzito, Ikram, mkwe wa Bi Mwaija anayeuza maandazi pale stendi, ameshashikwa na uchungu, mimba imemsumbua tangu mwanzo, na haiwezekani kumpandisha bodaboda mpaka Korogwe. Nikamwambia dada yangu, nimekuelewa, hayo yote yaandike kwenye barua.

(Hapa watu walimtazama Sista Justa. Alikuwa amesimama nyuma, mikono mfukoni.)

Sasa sikilizeni jinsi kitengo chetu kinavyofanya kazi. Mimi nikiwa Dindira, kilomita nyingi kutoka hapa, kwenye mjadala mzito kuhusu tofauti ya dharura na uharaka, utekelezaji hapa chini ulikuwa umeshaanza! Nimesimuliwa kwamba Sista alipokata simu alitoka nje akawaambia watu kwamba hakuna mbao zinazokuja. Duka la mbao lililo karibu liko Korogwe mjini na robota zilizomwagika zilikuwa zimeziba njia. Ndipo Bi Mwaija, ambaye alikuwa amemshika mkwe wake kiunoni, akatamka maneno ambayo nimeagiza yaandikwe kwenye ripoti kama dira ya mradi. Alisema, "Mimi mlango ninao. Bernardo, chukua nyundo twende kwangu."

(Makofi ya kweli. Fundi Bernardo alitazama chini. Bi Mwaija alimfunika mtoto wa Ikram kwa khanga, maana jua lilikuwa limemfikia usoni.)

Naona mnapiga makofi kwa ajili ya uongozi. Ahsanteni. Fundi Bernardo aliung'oa mlango wa Bi Mwaija na bawaba zake. Kisha akaung'oa wa jirani yake. Kisha watu wakaanza kuileta wenyewe vichwani, vijana wakalivuta lori pembeni, na hadi saa tisa alasiri milango tisa ya nyumba tisa ilikuwa imepigiliwa mbele ya zahanati, kwa kusimama na kwa kulala, na mianya ikazibwa kwa maturubai ya kuanikia mahindi. Mvua ilinyesha saa tisa na robo. Mtoto alizaliwa kabla ya magharibi, kavu, na mama yake kavu, na jokofu likiwa limefungwa. Kitaalamu mtoto huyo anaitwa mnufaika wa moja kwa moja, na ndiye wa kwanza wa mradi katika kanda nzima.

(Ikram aliombwa kwa ishara asimame apigwe picha. Alisema ananyonyesha.)

Tazameni kazi hii, ndugu zangu. Tazameni ubunifu. Mlango wa kijani, mlango wa bluu, ule uliochorwa maua, ule wa mabati, na kila mmoja una kibao chake cha anwani ya makazi, hivyo kwamba zahanati hii leo ndiyo jengo pekee nchini lenye anwani tisa, na barua ikitumwa kwa yeyote kati ya kaya hizo itafika hapa. Katika ripoti yangu nimeandika kwamba zimetumika mbao hamsini za dharura. Wapo watakaosema mbona milango ni tisa. Mlango mmoja una mbao tano, tano mara tisa ni arobaini na tano, na tano za mwisho zinawakilisha moyo wa wananchi.

(Mmoja wa wale watatu alianza kushangilia, akaacha.)

Na tusisahau faida za kijamii. Kaya tisa zimelala milango wazi kwa siku ishirini bila tukio kubwa la uhalifu, ukiacha kuku saba wa Mzee Ramadhan, ambao taarifa zinaonyesha walichukuliwa na paka pori, mdau ambaye hatukumshirikisha. Mzunguko wa hewa umeongezeka. Bibi Fatu, ambaye kwa umri wake ni hazina ya taifa, alitundika gunia mahali pa mlango na akalala hivyo msimu wote huu wa mvua, na leo yuko nasi hapa mbele akiwa mwenye afya tele.

(Bibi Fatu alikohoa kwa muda mrefu. Mratibu alisubiri amalize, akamshukuru kwa kuunga mkono hoja. Sista Justa alikuja mbele akampa maji, akabaki hapo hapo karibu yake.)

Kwa hiyo leo, kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba milango hii tisa imesajiliwa rasmi kuwa mali ya mradi. Haitaguswa. Haitasogezwa. Tarehe ishirini ya mwezi ujao watakuja wafadhili watarajiwa kuitazama, na nawaomba siku hiyo mje na nyuso za shukrani, akina mama mkiwa na khanga zinazofanana.

(Bibi Fatu alinyoosha mkono. Mratibu alimwambia maswali ni mwisho. Bibi aliinuka hata hivyo.)

Shikamoo bibi. Naam. Sema, lakini kwa kifupi.

("Marahaba," alisema Bibi Fatu. "Ule wa kijani ni wangu, mwanangu. Nimekuja kuuchukua.")

Bibi yangu, nakuelewa sana, na kilio chako ni kilio changu. Utaratibu upo. Utaandika barua ya kuomba kuazimwa mlango, nakala tatu, ukieleza matumizi yaliyokusudiwa, na kitengo kitakaa.

("Matumizi ni kufunga," alisema Bibi Fatu. Halafu akamgeukia Bernardo, na Bernardo akainuka na nyundo yake. Aliuanza ule wa kijani, msumari mmoja mmoja, akiinyoosha na kuiweka mfukoni.)

Fundi, naomba tafadhali. Tafadhali fundi. Unaharibu miundombinu. Sista, huoni dawa zitabaki wazi? Wewe kama mtaalamu wa afya unaruhusu jambo hili, wakati nyote mnajua kwamba nyuma ya milango hiyo hakuna…

(Mlango wa kijani ulitoka. Nyuma yake palikuwa na ukuta. Kwa kumbukumbu: matofali yalichomwa hapa kijijini kwa ajili ya darasa la madrasa na nyumba ya mchungaji, yakatolewa yote. Vijana walijenga kwa zamu kutoka upande wa ndani, Bernardo akatengeneza madirisha na milango miwili mipya, na plasta ilimalizika Jumamosi. Tulikubaliana milango ya watu ibaki nje siku chache plasta ikauke isipigwe na mvua, ing'olewe Alhamisi. Mratibu alifika Alhamisi. Hakuambiwa habari za ukuta kwa sababu hakuingia ndani wala hakuuliza.)

Naam. Naam. Kama mnavyoona wenyewe, ukuta nao umo. Umo kwenye awamu ya pili, ambayo kwa kasi ya kitengo chetu imetangulia awamu ya kwanza. Piga picha, wewe, piga haraka kabla hawajaitoa yote. Isimamisheni kidogo jamani. Mzee, huo wa maua urudishe pale kwa dakika moja tu. Dakika moja.

(Mzee Ramadhan alikuwa ameshajitwika wake. Alisema samahani, ana vifaranga.)

Basi, kwa kuwa muda si rafiki, nihitimishe. Nikisema Ziba, nyinyi mnasema Salama! Ziba! … Ziba! … Nikisema Dharura, mnasema Kwa Mpango! Dharura! …

(Hakuna aliyeitika. Milango sita ilikuwa barabarani tayari, inakwenda vichwani kwa watu.)

Nawashukuru. Nawashukuru kwa dhati, na ninasema haya kama mtu mkweli. Namshukuru dereva wangu, aliyepata wazo la bango hili lililo nyuma yangu tukiwa njiani, na kijana wa steshenari aliyelichapa asubuhi hii, rangi yake bado inashika vidole. Nawashukuru nyinyi wananchi kwa namna ya pekee, kwa sababu bila milango yenu tusingekuwa na kitu cha kuonyesha, kwa kuwa mradi wenyewe, ndugu zangu, haupo. Haujaandikwa. Ofisini hatuna ubao, hatuna msumari, hatuna nyundo, na faili lake ni jalada jeupe lenye jina kwa nje tu. Tulikuwa tunangoja kwanza picha za mafanikio ndipo tuombe kuuanzisha. Kwa hiyo yule mwenye mlango wa bluu, kama bado ananisikia, tunaweza kuja nyumbani kwake kuupiga picha hukohuko ukiwa umefungwa, na mtu amesimama pembeni, ikiwezekana mimi. Mungu awabariki, Mungu aibariki Kanda Ndogo, chakula kiko wapi?

(Hakikuwa kimeandaliwa. Wageni waliondoka saa tisa na nusu kuelekea Makuyuni, kwenye mkutano mwingine. Bango wameliacha, Sista Justa amelilaza sakafuni chumba cha kujifungulia, upande wa maandishi chini, maana saruji ya pale bado ina unyevu.

Mlango wa Bibi Fatu uligoma kuingia, fremu ilikuwa imevimba kwa mvua. Bernardo aliupiga randa upande mmoja, akaujaribu mara tatu, akapaka bawaba mafuta ya kupikia aliyopewa na Bi Mwaija. Tulikuwa watu wanne pale. Saa kumi na moja Bibi aliingia, akaufunga kwa ndani, tukasikia komeo. Tukamwita kumuuliza kama uko sawa. Akasema uko sawa, na twende zetu, anataka kulala.)