Ubeti wa Mwisho Una Jina Langu

Jumatatu, 12 Januari 1959

Kificho, huna haya! Ijumaa umeketi mgahawani kwa Humoud, Mzee Zahran akaghani mbele ya watu kwamba mchuzi wa Mgogoni ni maji ya kunawia, nawe ukamaliza kahawa yako ukarudi nyumbani. Mkeo kazaliwa wapi? Mgogoni! Nimemwambia usoni, na hapa naandika ili yakae. Kajibu ati Zahran ana mahadhi mazuri. Mahadhi!

Desturi ya pale, shairi likitupwa Ijumaa baada ya laasiri, Ijumaa ya pili lijibiwe kwa vina vilevile. Lisipojibiwa umeshindwa, utachekwa mpaka Msuka, mwisho wa kisiwa.

Miaka thelathini natunga mie, anaghani Kificho, makofi yake. Mtunzi hutaja jina lake ubeti wa mwisho, na kila mara linatajwa la Kificho. Mtu hajui hata kina ni kitu gani! Safari hii litatajwa langu.

Jumanne, 13 Januari

Beti saba, tayari kabla sijakuna nazi. Nimeziandika kwa herufi za Kiarabu, nilizofunzwa chuoni nikisoma Kurani. Za skuli sizijui wala sizitaki.

Jambo moja linaniwasha. Shairi la Zahran linasema tui la kwanza likitiwa mapema hukatika. Mwanamme kalijua wapi hilo? Huyu anachungulia majiko ya watu! Nimewaonya majirani wote wafunge milango ya uani.

Jumatano, 14 Januari

Namfundisha Kificho huku tunachambua karafuu. Kila pishi ikijaa, ubeti mmoja. Sauti yake bado inanilegeza kama mwaka ule aliponiposa. Sikumwambia. Atavimba.

Kufika ubeti wa saba, "Mtunzi jina ni Moza, Mgogoni kwa Shaame," jina langu na la baba, akaweka karafuu chini. Kasema wazee wenziwe watamcheka, heshima yote ile kumbe ya kuazima. Nikamwambia basi halua ya Ijumaa ataila kwa macho. Kaapa atalitaja.

Ijumaa, 16 Januari

Wanawake hatukai mgahawani. Nikavaa buibui, nikasimama barazani kwa fundi cherehani, ukuta mmoja na Humoud, najifanya nachagua uzi. Pembeni bibi mwengine kajigubika, naye anachagua uzi. Kashika kibonge kimoja cheupe, hana haraka.

Kificho kaghani. Beti sita, hakuna kikombe kilicholia. Kafika wa saba. Kakohoa. Humoud akapaza sauti: jina, Mzee Kificho, tupe jina! Kakohoa tena. Miaka yangu thelathini imekwama kooni mwa mzee yule!

Sikustahamili. Nikaughani mwenyewe, ukuta katikati, kwa sauti yangu hii ya kukwaruza. Moza. Shaame. Mgogoni. Yote.

Nikatamani ardhi ipasuke. Kisha nikamsikia Kificho: huyo ni mke wangu, na kila mlichonipigia makofi ni chake. Macho yakaniwasha. Vumbi la karafuu hilo.

Hapo bibi wa uzi akafunua uso. Bi Radhiya, mke wa Zahran! Kaniambia bila haya kwamba mashairi yote ya Zahran hutunga yeye. Zahran hajui hata mwiko unakaa wapi. Na mchuzi wa Mgogoni yeye Radhiya kaula harusini kwangu mwenyewe, ulikuwa maji kweli.

Ulipikwa na shangazi yangu, Mungu amrehemu. Na ulikuwa maji. Lakini hilo si lake kusema!

Jumamosi, 17 Januari

Humoud kaleta salamu. Ijumaa ijayo atatandika mkeka nyuma ya pazia, Bi Moza na Bi Radhiya waghani wenyewe, kwa majina yao. Njiani nimeamkiwa Bi Moza Mtunzi mara nne. Radhiya kaja na sahani ya halua, kaniomba radhi kwa ajili ya shangazi. Tumecheka mpaka adhana ya laasiri. Mwanamke mwema. Mtu atake nini tena?

Nataka ashindwe.

Alipotoka tu nimetunga beti tano mbovu, vina vinachechemea, mizani imepinda, na ubeti wa mwisho nimetia jina la Radhiya, watu wadhani ni zake. Zitaghaniwa mwanzo kabisa, kabla yeye hajakaa vizuri mkekani. Wa kuzighani ninaye.

Kificho! Weka halua hiyo chini, nawa mikono, uje ujifunze ubeti wa kwanza!