Mizani ya Marloes na Nyonga Yangu

Jumanne, 12 Machi
Jana nimepasuliwa. Daktari Riemersma kanieleza leo: nyonga yangu ya chuma ilikuwa imelegea na kuula mfupa. Kaing'oa. Shimo kalijaza vipande vya mfupa wa mtu mwingine, kutoka kwenye friji ya hospitali! Kavibana kwa skrubu tano, juu akatia saruji. Nikamwuliza saruji hukauka kwa muda gani. Dakika kumi na mbili. Basi tumemaliza! Nimetunza madaraja ya kuinua na kuteremsha miaka thelathini. Saruji ikikauka, malori yanapita. Akasema hapana, mzee Wubbo, mfupa wenyewe bado haujashika. Wiki sita nisiuelemee mguu kwa zaidi ya kilo kumi. Vipande vikisogea hapatakuwa na pa kupigia skrubu nyingine, na sitatembea tena. Nikaogopa. Nikanywa kahawa, hofu ikapungua.

Jumatano, 13 Machi
Marloes, anayetufundisha kutembea, kaleta mizani ya bafuni. Atakayekanyaga kilo kumi bila kuzidisha anarudi nyumbani Ijumaa. Lazima niwe mimi! Jumamosi natimiza sabini na mbili. Dada yangu Hilje ameshaagiza keki na kupanga viti duara sebuleni. Kitanda cha pili yupo Geert, jirani yangu hata nyumbani, nyonga yake kama yangu. Kakanyaga mara moja: kumi kamili. Mimi: ishirini na mbili. Akaniuliza, Wubbo bwana, unapima mguu au unateremsha daraja? Simpendi.

Alhamisi, 14 Machi
Geert kalala baada ya supu. Nikajisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye mizani. Nyuma ya mizani kuna kigurudumu cha kurekebishia sindano. Nikairudisha kilo kumi na mbili chini ya sifuri. Kazi safi! Jioni nikakanyaga kwa raha zangu: kumi. Marloes akapiga makofi. Akaja Geert na mguu wake mwepesi. Sindano haikufika hata sifuri. Marloes akapanda mwenyewe. Akasema kwa upole kwamba amepungua kilo kumi na mbili tangu chai ya asubuhi. Kisha akanitazama mimi. Kwa nini mimi? Tuko wawili humu!

Ijumaa, 15 Machi
Wamenipiga eksirei. Nikingoja majibu niliogopa tena, nakiri. Skrubu zote mahali pake, mfupa haujasogea. Daktari kasema ni bahati tu, nibaki hadi nijifunze. Geert kaenda zake, kanipungia fimbo.

Jumamosi, 16 Machi
Hilje kapiga simu. Sherehe imefanyika bila mimi, keki ingeharibika. Wote wamepeana mikono kuzunguka duara, wakipongezana kwa ajili yangu, kama desturi yetu. Kiti changu cha dirishani kakikalia Geert. Kala vipande viwili! Kwetu mtu hupewa kimoja. Cha pili kilikuwa changu. Nimegeukia ukutani muda mrefu.

Jumapili, 17 Machi
Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Kilo kumi na mbili ilikuwa tamaa. Ningerudisha nne, nani angejua? Kesho Marloes analeta mizani mpya, ya betri, isiyo na kigurudumu. Nimemwomba Hilje aniletee bisibisi ndogo.