Miaka Minne ya Kulikwepa Bwawa

Jumatatu, 6 Mei

Barua kutoka kwa msajili. Bahasha nyeupe, jina langu kamili: Emmet Josef Kucera. Nikadhani ni pongezi. Si pongezi! Falsafa nimefaulu. Kilatini nimefaulu kwa huruma ya mwalimu. Kilichobaki ni mtihani wa kuogelea: kwenda na kurudi mara mbili bila kushika ukuta. Mwisho Ijumaa ya tarehe 17. Bila huo, hakuna shahada.

Nilijua siku hii ipo. Mwaka wa kwanza nilisema nina mafua. Mwaka wa pili, mafua tena. Mwaka wa tatu nilijificha maktaba, kwenye rafu ya washairi wa Kirumi, nikapata usingizi mzuri sana. Chuo chetu kina watu mia sita, kiko katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa. Bahari iko mwendo wa siku mbili kwa gari. Nani anazama huku?

Garrick, ninayekaa naye chumba kimoja, aliisoma barua juu ya bega langu. Garrick ni mwogeleaji wa timu ya chuo. Hutembea bwenini bila shati hata theluji ikianguka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akauliza kwa upole wa kinafiki: nikikosa mahafali, nani atasoma shairi la darasa? Kwenye kura ya kumchagua msomaji alikuwa wa pili. Nilimshinda kwa kura tatu. Hajanisamehe.

Na Bibi Vlasta anakuja kutoka Nebraska kwa basi. Ameshashona gauni. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza chuo. Nimekaa dirishani mpaka kengele ya kanisa ikalia, nikijiona jukwaani, joho linapepea, Bibi analia. Katika ndoto hiyo sikulowa hata unywele.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza: hoja. Nimemwandikia mkuu wa taaluma, Profesa Brandt, kurasa tisa. Nimethibitisha kwamba kuogelea ni kuzungukwa na maji bila kukata tamaa, na kwamba kimawazo mimi huogelea kila siku. Ukurasa wa saba ulinitoa machozi mimi mwenyewe.

Alijibu kabla ya chakula cha mchana. Anasema hoja yangu ni nzuri kuliko tasnifu yangu. Anasema nisisahau taulo.

Alhamisi, 9 Mei

Mpango wa pili: sikio. Nimemweleza nesi Delphine kwamba sikio langu la kushoto halipatani na maji. Akamulika ndani, akaita mwenzake aje kuona.

"Kijana, humu mna nta ya kutosha kutengeneza mshumaa."

Akaitoa yote. Sasa sikio langu lina afya kuliko la mtu yeyote chuoni. Nasikia kila kitu! Nimetoka nje nikasimama kando ya shamba nusu saa nzima. Ukungu ulikuwa umelala juu ya udongo mweusi, mahindi yamechomoza kidole kimoja tu, na ndege fulani alikuwa akiuliza swali lile lile tena na tena. Karibu nimjibu.

Kisha bwaloni nikamsikia Garrick, meza ya nne kutoka yangu, akiwaambia watu kwamba Emmet huogopa hata supu ikiwa nyingi. Watu wakacheka hoi. Juzi ningekula kwa amani.

Ijumaa, 10 Mei

Mpango wa tatu, na mbaya kuliko yote. Nilipatana na Garrick: aogelee kwa jina langu, nami nimwachie shairi. Alikubali haraka mno.

Akavaa kofia ya mpira na miwani mikubwa. Mimi nikajibanza nyuma ya lundo la maboya. Kocha Oyler akaja na firimbi yake. Ni mama wa miaka sitini na kitu, na huwa hana haraka kabisa.

"Karibu, Emmet," akamwambia Garrick. "Umerefuka, mwanangu. Jumanne nilikuona bwaloni ukiwa mfupi kwa futi nzima."

Garrick akaikwaruza sauti yake, akasema ni lishe.

"Na huyo samaki mgongoni umemchora lini? Maana kuna mwanangu mmoja wa timu anaye kama huyo, na nilimkataza."

Kisha, bila hata kugeuka, akasema aliye nyuma ya maboya atoke, viatu vyake vinaonekana. Nikatoka. Garrick ameadhibiwa kusugua vigae vya bwawa. Anashikilia kwamba makubaliano ni makubaliano: aliahidi kuogelea, hakuahidi kufanana na mimi. Shairi limekwenda! Sasa sina shairi, na bwawa bado ninalo.

Jumatatu, 13 Mei

Mpango wa nne. Ile plastiki yenye vipovu vya hewa, inayofungiwa vyombo visivunjike. Nimejizungushia mita sita, tumbo na mgongo, juu yake fulana pana. Nikamwambia Kocha Oyler niko tayari. Akaniangalia kwa muda mrefu. Akasema: haya, ruka.

Niliruka. Sikuzama! Sikuogelea pia. Nilielea chali kama chelezo, miguu juu, nisiweze kujigeuza wala kusogea. Juu ya bwawa kuna paa la vioo, na mawingu yalikuwa yanapita polepole kuelekea Illinois. Wingu moja lilifanana na ng'ombe wa Bibi. Maji yakaniziba masikio na dunia nzima ikanyamaza. Nikamsahau msajili. Nikamsahau hata Garrick. Nadhani sijawahi kuwa na raha namna hiyo tangu nizaliwe.

Kisha vipovu vikaanza kupasuka. Pu! Pu! Pu!

Kocha akanivuta kwa mti mrefu, kama anayevuta gogo mtoni. Akanifunika taulo, akaketi kando yangu, wala hakucheka. Akauliza nani aliniambia kwamba ni lazima nijue kuogelea. Nikamtolea barua ya msajili mkobani. Akaigeuza nyuma. Wiki nzima sijaigeuza! Imeandikwa: asiyejua kuogelea atahudhuria masomo manane, na yatatosha.

"Kila Septemba naona jina lako kwenye orodha," akasema. "Kila Septemba nakuwekea nafasi. Nilikuwa nakungoja tu, we mtoto."

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Mwishowe nikamwambia ukweli: nyumbani kuna kidimbwi cha bata, na nikiwa na miaka mitano nilitumbukia. Akasema basi tuanze kesho, asubuhi na jioni, siku nne.

Jumatano, 15 Mei

Somo la nne. Nimeelea bila plastiki! Kocha aliweka kiganja chini ya kichwa changu, akaniambia nilegeze shingo, maji hayana ugomvi na mimi. Sikujua ni lini aliondoa mkono. Nilikuwa naangalia mawingu.

Garrick alikuwa anasugua vigae pembeni. Akasema kwa sauti kwamba hata kopo tupu linaelea. Lakini niliposimama alikuwa ameacha kusugua, anatazama.

Ijumaa, 17 Mei

Somo la nane. Nimevuka upana wa bwawa mwenyewe, kwa mtindo ambao Kocha anasema haujapata jina. Garrick alitembea ukingoni akinifokea nipige miguu, piga miguu, we mzigo! Nilipofika alikuwa amenishikia taulo. Sijui ana hila gani.

Kocha akatia sahihi. Nikamkumbatia nikiwa nimelowa chapachapa.

Jumamosi, 18 Mei

Mahafali uwanjani. Bibi amefika na boksi la kolache, mikate midogo mitamu yenye jemu ya plamu, gauni la bluu, na bila miwani. Ameisahau kwenye basi.

Garrick alisoma shairi lake. Mistari ishirini, kumi na miwili inahusu mabega yake. Bibi alilia tangu mwanzo hadi mwisho. Baadaye akanishika uso kwa mikono miwili, akasema nimesoma vizuri mno, sauti yangu imekuwa nene, babu angefurahi.

Sikumsahihisha. Garrick alikuwa nyuma yangu, kolache mdomoni. Nilimwona anataka kusema. Akameza, akasema ndiyo, Bibi, alisoma vizuri.

Jumanne, 21 Mei. Nebraska

Nimetafakari yote kwa utulivu. Nimegundua kosa langu lilikuwa wapi: plastiki ilikuwa nyembamba.

Na nimepata kazi! Ranchi moja huko Wyoming inatafuta mtu wa kuwafundisha wageni kupanda farasi. Mwenye ranchi, mama mwenye sauti nzito, aliniuliza kwa simu natoka wapi. Nebraska, nikasema. Akasema ah, basi umezaliwa juu ya tandiko. Sikukataa. Akauliza nimepanda farasi mara ngapi. Nikamjibu siwezi kuhesabu, na huo ni ukweli, maana hakuna cha kuhesabu.

Akasema kama kuna lolote nisilolijua nimwambie sasa, hakuna aibu, atanipa mtu wa kunielekeza wiki nzima. Mama mwema sana! Nikamshukuru. Nikamwambia hakuna haja.

Naanza tarehe tatu Juni. Nimekaa kibarazani, upepo unalaza nyasi, najiona juu ya farasi mweupe, kofia mkononi, milima nyuma yangu ikiwa ya bluu.

Barua ya daktari ya kunikataza kupanda farasi nimeshaianza kuiandika mwenyewe. Kifundo cha mguu.