Kiti cha Karibu na Mzee Saverio

22 Desemba 1998, Jumanne

Mvua tena. Redio tatu za wateja zimelowa. Fundi gani anafanya kazi barazani miaka minne? Chumba cha mbele cha baba mkwe, Mzee Saverio, kiko tupu na kinatazama barabara ya Kyebando, hapa Kampala. Okeny, shemeji yangu, mtoto wa Mzee, anakitaka aonyeshe video. Mzee huamua mambo kama haya Krismasi, akiwa anakula, na humsikiliza aliye karibu naye tu. Mwaka jana nilikaa mlangoni juu ya jerikeni, watoto wakifutia mikono yenye mafuta kwenye shati langu.

Safari hii nina mpango. Meza ya watoto! Wote kumi na mmoja watoke sebuleni. Kiti cha karibu na Mzee kitabaki wazi, nami nitakikalia.

23 Desemba, Jumatano

Mke wangu Adong amempelekea baba yake wazo. Mzee amefurahi, akanisifu kwamba napenda watoto. Siwapendi. Nimeshukuru hata hivyo.

Okeny ameuliza kama nitawaimbia pia. Acheke tu!

24 Desemba, Alhamisi

Nimepuliza maputo arobaini. Kichwa kinauma. Nimetandika magazeti mezani wachore kwa kalamu za rangi, nimeweka mirija ya soda, nimekunja kofia za karatasi. Adong anasema pamependeza. Lazima papendeze! Mtego huo.

25 Desemba, Ijumaa

Siku chungu. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti. Akaja Babra, jirani Mganda anayesaidia jikoni, akaniita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, batoto nataka kura kwanza."

Mimi nimekaa hapa miaka tisa, najua Waganda wanavyochanganya r na l. Nikajibu kwa sauti, Mzee asikie: sawa kabisa, waanze, nakuja kuwapanga foleni mwenyewe!

Nikasimama uani. Wakajipanga nyuma yangu, wote. Nikawasifu kwa adabu yao. Nikasogea kwenye sufuria ya matoke, nao wakasogea. Babra akahesabu mpaka kumi na moja. Nikadhani anahesabu sahani.

Kumbe kura ya kupigwa! Walikuwa wanachagua mwenyekiti wa meza, kama wazazi wao wanavyochagua mwenyekiti wa kijiji: unasimama nyuma ya mtu wako. Mpinzani wangu alikuwa mbwa. Hakupata hata moja.

Mzee, polisi mstaafu, akatoka na kutangaza kwamba uchaguzi umekuwa huru, na mwenyekiti hawakimbii watu wake. Nikavishwa kofia niliyoikunja mwenyewe.

Okeny akakaa kwenye kiti changu. Nyama haijaisha, nikamwona dirishani akipokea ufunguo wa chumba. Wakati huohuo mtoto mmoja alikuwa ananichora, masikio makubwa. Naichukia nyumba hii. Miaka minne ya mvua, na bado naendelea kulowa.

26 Desemba, Jumamosi

Okeny anapaka chumba rangi. Buluu, tena mbaya.

Nimefikiri sana. Wazo la meza halikuwa na kosa. Kosa ni watoto. Ufunguo uliotolewa unaweza kurudishwa, kwa hiyo Pasaka nitapendekeza meza ya mashemeji, kule nyuma karibu na kuku. Mashemeji wote wahamie huko, Mzee abaki nami.

Nimemweleza Adong. Ameniuliza katika nyumba ya baba yake shemeji ni nani.

Swali la ajabu. Nimemjibu ni Okeny, nani mwingine? Jumatatu naenda kutafuta mbao.