Ombi la Kuwaondolea Wanaume Barua ya Ridhaa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Ajira,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, nami nikiwa bado na kazi. Mimi ni karani wa masjala wa halmashauri, yule mwembamba aliyekupa kalamu isiyoandika siku ya kikao. Nakuandikia kwa heshima kumlalamikia Mkurugenzi wetu mpya. Ni mwanamke, ingawa hilo silo tatizo. Tatizo ni kwamba anasoma.

1. Anasoma kila jalada kabla ya kutia saini. Aliyemtangulia alitia saini huku akiongea na simu, na tuliishi kwa amani.

2. Wiki mbili zilizopita aliuliza kwa nini wakuu wa idara waliothibitishwa, wote wanane, ni wanaume. Nilimweleza kwamba wanawake huomba, ila maombi yao hukaa kabatini yakisubiri barua ya mume kuridhia mkewe apewe cheo. Utaratibu huo haujaandikwa popote. Nilirithishwa na karani aliyenitangulia pamoja na funguo za kabati, nami sikuhoji kwa kuwa nilikuwa kwenye majaribio. Mkurugenzi alivua miwani, akaniuliza taratibu, "Na za wanaume, mwanangu, barua za wake zao ziko wapi?"

Mheshimiwa, nina shahada ya utawala. Nilikwenda kuzitafuta kabatini.

3. Kesho yake akaagiza kila mwanaume mwenye cheo alete barua ya mkewe kabla ya Ijumaa ya wiki hii. Mkuu wa Ujenzi, anayeogopwa hata na magreda, sasa anatoka kazini mapema kuwahi kuosha vyombo. Mkewe ameridhia kwa sharti kwamba bomba la jikoni, linalovuja tangu kitinda mimba wao hajazaliwa, litengenezwe kwanza. Mtoto huyo yuko darasa la nne. Mke wa Mkuu wa Mipango amejibu kwamba bado anafikiria. Mkuu wa Afya aliniita pembeni akaniomba nimwandikie mimi, kwa mwandiko wa kike. Nilikataa, si kwa uadilifu bali kwa woga.

4. Mimi sijaoa. Nikija kupandishwa cheo, nitaridhiwa na nani?

5. Kubwa kuliko yote ni la Mama Kaimu. Ndivyo tunavyomwita bosi wangu, aliyekaimu ukuu wa Idara ya Utumishi miaka saba bila kuthibitishwa. Ndiye aliyenifundisha kazi, hadi kufunga tai. Mkurugenzi alilitoa jalada lake kabatini. Juu yake nimeandika kila mwaka, kwa mwandiko nadhifu: "Inasubiriwa barua ya mume." Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita. Cheti cha kifo kimo humo humo, ukurasa wa tatu. Mimi huandika juu ya majalada. Kuyafungua sikuwahi kuagizwa. Sasa nimetakiwa kujieleza kwa maandishi.

Kwa hayo, naomba Mkurugenzi ahamishwe, au barua za ridhaa zibaki kwa wanawake pekee, ili wanaume tuendelee kutoulizwa kama tulivyozoea.

Wasalimie wajumbe wote wa Bodi, mama watoto, na dereva wako aliyeniazima mwavuli.

Wako mtiifu, walau hadi Ijumaa,
Karani wa Masjala

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, niliagizwa nilipeleke jalada la Mama Kaimu kwenye chumba cha usaili. Nilimkuta nje, kwenye benchi, mkoba mapajani. Nikamwambia nilichomfanyia. Akasema, "Miaka yote hiyo, baba, ungeniuliza tu." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Leo asubuhi amethibitishwa. Naomba usahau yote niliyoandika hapo juu, hasa namba nne. Nimebaki na tatizo moja: nimeagizwa kuandika kibao cha mlango wake, na ofisi nzima hakuna anayejua anaitwa nani. Imenibidi nifungue jalada. Jina lake lipo ukurasa wa kwanza.