Profesa na Madoa ya Pangoni

Mtu aliyeitwa Profesa hakuwahi kufundisha chochote maishani mwake, isipokuwa adabu ya kutoamini watu, na hiyo aliifundisha kwa vitendo. Cheo alipewa na miwani yake, ambayo vioo vyake vilikatwa kutoka dirisha la kawaida. Ofisi yake ilikuwa meza ya pembeni katika mkahawa uliotazamana na ofisi ya ardhi, kwa kuwa alikuwa amegundua, baada ya utafiti wa miaka mingi, kwamba binadamu atokaye ofisi ya ardhi huwa na hasira, na mwenye hasira hapimi anachoambiwa.

Asubuhi moja alitoka humo Mama Majumba, mjane mwenye nyumba za kupangisha katika kila mtaa wenye lami, akaingia mkahawani akimlalamikia dereva wake kwa sauti iliyofika hadi jikoni.

"Kilima kizima changu! Nataka hoteli, na watalii wanataka mapango yenye michoro ya watu wa kale. Langu lina nini? Madoa ya kutu!"

"Kunywa chai kwanza, Mama," dereva alisema.

"Chai itanichorea?"

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Ndivyo alivyofungua kila ulaghai, kwa usafi.

"Samahani, mama yangu, nimesikia bila kukusudia. Hiyo si kutu. Hicho ni kifuniko."

"Kifuniko cha nini, baba?"

"Cha michoro yenyewe. Uchafu wa karne nyingi. Ukiondolewa kitaalamu, wazee wanajitokeza wenyewe."

Mama Majumba alishika kifua. "Na wewe ni nani, mwanangu?"

"Mimi? Msomaji tu wa mawe."

Chai haijapoa, wakawa wamekubaliana. Wazee wakijitokeza, Profesa angepewa nyumba ndogo chini ya kilima, yenye veranda, pamoja na cheo cha mlinzi mkuu wa pango. Mtu asiyeijua nyumba ya Profesa hawezi kujua maana ya neno veranda. Alipanga chumba nyuma ya karakana ya magodoro, ambako sufi ilipeperuka mchana kutwa na kutua katika chai, katika nywele, na katika ndoto zake. Alikwenda kilimani akiwa tayari amechagua mahali pa kuweka kiti.

Pango lilikuwa la kina kifupi, lenye ukuta laini. Ukutani palikuwa na vidoa vyekundu vilivyopangwa safu kwa safu, nusu ya kitu kama mnyama, na chini yake mabaka yaliyofifia. Profesa aliyatazama kama mtu anavyotazama ukuta wa choo cha stendi. Alijua fika watu wa kale walichora nini: alikuwa na kalenda. Walichora mwindaji, upinde na twiga. Vitu hivi havikuwamo katika kalenda, kwa hiyo havikuwa sanaa.

Alitoa brashi ya waya na chupa ya asidi ya kusafishia vyoo. Akaegemeza kiganja cha kushoto ukutani, usawa wa bega, mahali ambapo mkono ulikwenda wenyewe, akasugua kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha katika kazi yoyote halali.

"Geuka kidogo, Profesa," dereva alisema, simu mkononi. "Brashi ionekane. Mama anataka kumbukumbu."

"Nitabasamu?"

"Tabasamu, kaka. Siku kama hii hairudi."

Ukuta ulipobaki mweupe, Profesa alikoroga vumbi la matofali kwa ute wa yai, akachora. Mwindaji alipendeza. Twiga alitokea kama ngazi yenye masikio. Mama Majumba alipoletwa kutazama, machozi yalimlenga.

"Wanamaanisha nini?"

"Tazama mkono wa mwindaji, Mama. Unaelekea mjini. Anasema hapa atakuja mwanamke mwenye majumba."

"Kumbe alinijua?"

"Alikuwa akikusubiri."

Hivyo watu wa kale waliozika watoto wao kilimani hapo, wakaogopa giza na kuchekeana kando ya moto, hatimaye walikuwa wamepatiwa kazi ya maana: kutabiri hoteli.

Mama Majumba mwenyewe ndiye aliyemwita afisa wa mambo ya kale aje kuthibitisha. Profesa alipiga pasi tai. Afisa, mwanamke mwenye begi la turubai na viatu vya safari ndefu, aliusogelea ukuta, akanusa.

"Yai," alisema. Hakucheka. Aliketi juu ya jiwe kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Nani alisugua hapa?"

Profesa aliona veranda ikiyeyuka, akachagua njia fupi. "Dada, nakiri. Nimechora mimi, ni feki tupu. Hakuna aliyeumia."

"Kwamba umechora naona. Nimekuuliza nani alisugua."

Alitoa picha ya zamani begini. Vidoa safu kwa safu. Nusu ya mnyama. Na yale mabaka yaliyofifia, katika picha hii yalikuwa viganja vya watu, vyekundu, kimoja usawa wa bega.

"Michoro hii ndiyo iliyomzuia mama huyu kujenga," afisa alisema. "Aliomba kibali mara nyingi, na kila mara tulikataa. Sasa hakuna cha kulinda."

Profesa aligeuka polepole. "Mama! Wewe ndiye uliyesema ni madoa!"

"Nilisema ya kutu, baba." Mama Majumba alijifuta jicho lililokuwa kavu kabisa. "Mimi mjane, sikusoma. Kaja na miwani, kaja na tai. Ningejuaje?"

Dereva alikuwa tayari akimwonyesha afisa simu yake. Brashi ilionekana vizuri. Tabasamu pia.

Ndipo Profesa alipoelewa kwa nini mwanamke mwenye dereva na majumba aliamua siku ile kunywa chai katika mkahawa wa vikombe vyenye nyufa, na kwa nini alilalamika kwa sauti kubwa vile.

"Walimaanisha nini?" alimwuliza afisa, akiitazama picha. "Hivi viganja?"

"Hatujui. Tulikuwa bado tunawauliza."

Kituoni, askari alimvua miwani, akachungulia kupitia vioo, akacheka peke yake. Kisha akampaka wino kiganja cha kushoto, akakibandika juu ya karatasi nyeupe, akakikandamiza kwa uzito wa mkono wake wote.

"Tulia, mzee," alisema. "Ukisogea itaharibika, na hii tunataka idumu."