Mbuzi wa Ukurasa wa Tisa

Jumanne, 15 Januari 2019

Leo nimekuwa mwanachuo. Miaka arobaini na mmoja, vidole vimepasuka kwa baridi, nanuka maziwa ya mbuzi. Lakini mwanachuo.

Sababu ni Bi Oestreich, mwenye shamba. Mpimaji wetu wa maziwa anastaafu mwezi wa sita. Kazi ya ndani, kiti chenye mto, hita miguuni. Bi Oestreich amesema kiti atakipata mkamuaji atakayefaulu kozi moja ya chuo, yoyote ile, kwa alama C, maana mpimaji hujaza fomu na yeye amechoka kuzisahihisha. Miaka kumi na tatu nakamua mbuzi mia mbili kila alfajiri katika baridi hii ya Wisconsin. Nakitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamke.

Nimechagua Historia ya Kale. Mpango ni rahisi: mimi ni Mgiriki. Shule niliiacha mapema, huko milimani kwetu, lakini hizi ni habari za nyumbani. Wenzangu wataisoma historia. Mimi nitaikumbuka tu.

Mwalimu ni Dokta Pruitt, mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kifuani. Ametugawia mwongozo wa kozi, kurasa kumi na moja: mahudhurio, simu, chakula, wizi wa maandishi, adabu darasani. Akasema tuusome wote nyumbani, kisha turudishe ukurasa wa mwisho na sahihi zetu kwamba tumeusoma. Nilitia sahihi palepale. Wa kwanza darasani.

Nje theluji ikaniingia mabutini. Mwongozo umepata kazi: kurasa tano buti la kulia, tano la kushoto. Unanyonya maji vizuri.

Alhamisi, 17 Januari

Jambo la ajabu. Wanafunzi wanamwonyesha Dokta Pruitt picha za mbuzi kwenye simu. Mmoja baada ya mwingine. Yeye anacheka na kuandika kitu daftarini.

Aliye mbele yangu ni Bi Ardis Lindquist, miaka sabini na minne, zamani alikuwa karani wa posta, sasa anasoma kozi zote za chuo mpaka ziishe. Yeye kachora mbuzi kwa penseli, na ndevu zake. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Imo kwenye mwongozo, kijana wangu. Soma."

Kijana wangu! Najua watu wa namna hii. Amegundua udhaifu wa mwalimu na hataki kuugawa. Lakini nimeshaelewa mwenyewe: Dokta Pruitt anapenda mbuzi. Na katika darasa zima, ni nani anayelala mita thelathini kutoka kwa mbuzi mia mbili?

Jumanne, 22 Januari

Nimempelekea jibini la mbuzi, duara zima, nililitoa kwenye rafu ya yaliyopasuka. Dokta Pruitt alilitazama kwa huzuni. Akasema ukurasa wa sita unamkataza kupokea zawadi. Nikasema basi tulile sote. Akasema ukurasa wa tano unakataza kula darasani. Nikasema basi likae tu. Likakaa, karibu na hita. Baada ya nusu saa watu wakafungua madirisha, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Bi Ardis alivaa kofia, akanitabasamia. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 5 Februari

Insha ya kwanza imerudi. Niliandika kwamba Wasparta walikuwa wabishi, wabahili wa maneno na hawakujua kupika. Mwongozo unadai kila dai liwe na chanzo, ndivyo anavyosema Dokta. Nikaweka chanzo: shangazi yangu Evanthia, aliyeolewa huko.

Dokta ameandika kwa wino mwekundu: "Shangazi hakuwepo." Alama hamsini na moja.

Bi Ardis kapata tisini na nane. Alinigeukia akasema kwa upole kwamba angeweza kunisaidia kusoma Jumamosi, maktaba ina kahawa. Nikamwambia Mgiriki hafundishwi Ugiriki na posta. Akacheka mpaka akafuta macho. Mwanamke huyu hatukaniki.

Jumanne, 26 Februari

Siku kubwa. Picha ni ya watu wasio na mbuzi. Mimi nimempeleka mbuzi mwenyewe.

Mwanambuzi wa wiki mbili, mweupe, masikio kama majani ya kabeji. Nilimficha ndani ya koti. Alikaa kimya dakika kumi, kupita hata wanafunzi wengine. Halafu Dokta akataja dhabihu za Waathene na yeye akalia kama anayeelewa.

Nikamtoa. Darasa likashangilia. Nilimwona Dokta akianza kutabasamu, naapa. Ndipo mwanambuzi akaruka mezani na kula karatasi ya mahudhurio. Yote, pamoja na sahihi zetu.

Dokta akasema, tena kwa sauti ya chini, kwamba ukurasa wa saba unakataza wanyama, na nimtoe. Tukatoka. Nyuma yetu ikapitishwa karatasi mpya, kila mtu akatia sahihi upya. Isipokuwa mimi, niliyekuwa kwenye maegesho namfunika mwanambuzi blanketi. Nimeandikwa sikuhudhuria. Ni mara ya tatu. Alama tano zimekatwa.

Jumanne, 14 Mei

Matokeo. C inaanzia sabini. Nimepata sitini na nane.

Nilikwenda ofisini kwa Dokta, kofia mkononi. Nikamweleza kuhusu kiti, hita, vidole. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwonyesha picha. Nikasema picha gani. Akasema, "Thanasis, ukurasa wa tisa, mstari wa mwisho: uliyefika hapa, nionyeshe picha ya mbuzi kabla ya Jumapili ya kwanza, nikupe alama tano. Ndivyo ninavyojua nani amesoma." Akaongeza kwamba siku ya mwanambuzi alidhani nimeusoma vizuri kupita wote, ila nimechelewa wiki tano.

Nilirudi nikavua mabuti. Ukurasa wa tisa ulikuwa kwenye la kushoto, chini ya kisigino. Mbuzi yumo. Anasomeka vizuri tu.

Bi Oestreich amempata mpimaji wa muda mpaka mwezi wa nane. Kuna kozi ya kiangazi, Roma, kwa Dokta huyuhuyu. Ni nafasi yangu ya mwisho.

Jumanne, 4 Juni

Mtu akiumia anakuwa mjanja. Leo tulipopewa mwongozo wa Roma sikufanya ujinga wa Januari. Nilifungua moja kwa moja ukurasa wa tisa na kuusoma wote, neno kwa neno, mara mbili. Ni habari za kuegesha magari. Hakuna mbuzi. Nikatia sahihi kwa roho safi, wa kwanza darasani.

Bi Ardis yuko kiti cha mbele, kama kawaida, anapitisha kidole kila mstari. Kufika ukurasa wa nne akatoa penseli na kuchora bata bukini. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Soma, kijana wangu."

Maskini, umri umemfikia. Lakini Dokta alipopita alimtazama yule bata akatabasamu.

Bata bukini, basi. Jirani yetu Krueger anao tisa. Dume anauma, ila nina gunia kubwa, na Alhamisi si mbali.